Jicho la Kulia la Tewa

Siku ile tulikuwa watu sita mbele ya kontena. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo Shee, mdogo wangu, na begi mgongoni. Alikuwepo Esha, dada yetu, aliyetoka shuleni na vitabu vyake kifuani. Alikuwepo Twaha, fundi wa umeme wa magari, na Farah, dalali wa bandarini, ambaye hakuwa na kazi pale isipokuwa chai. Na alikuwepo Shangazi wa vipuri, ameketi kwenye kiti cha gari kisicho na gari, miguu ameinyoosha, akingoja kama sisi sote sanduku lifunguliwe. Nawataja wote kwa sababu wote wako hai, na nikikosea mahali watanisahihisha, hasa Farah.

Ndani ya sanduku ilikuwamo taa ya mbele ya gari, ya upande wa kulia. Ilitoka Mombasa, ikapita Lamu, ikaja Kismayu kwa mashua. Kesho yake saa mbili asubuhi gari langu lilitakiwa kukaguliwa na ofisi moja iliyotafuta gari la viti saba la kuwapeleka walimu kazini na kuwarudisha. Walitaka madereva wawili, wa asubuhi na wa jioni. Wa kwanza ningekuwa mimi, wa pili Shee. Na Shee alikuwa ameshaniambia, kwa upole, bila ugomvi, kwamba asipoipata kazi hiyo ataondoka na wenzake kwa tahriib, ile safari ya kuvuka jangwa na bahari kwenda Ulaya ambayo vijana wetu wengi huianza na wachache huimaliza. Mama yetu alipokufa, miaka miwili baada ya baba, nilikuwa na miaka kumi na minne. Niliacha shule wiki ile ile, nikajiwekea neno moja tu: wadogo zangu hawatatawanyika. Kwa hiyo katika sanduku lile mimi sikuona taa. Nilimwona Shee.

Lakini sanduku lingoje kidogo. Kwanza nimweleze Shangazi huyu wa vipuri, maana bila yeye hakuna la kusimulia.

Jina lake nalijua, ila sijapata kumwita kwa jina hilo, na nikiliandika hapa nitahisi naandika habari za mtu mwingine. Sisi Wabajuni tulimwita Shangazi. Wasomali walimwita Eddo, ambayo ni shangazi hiyo hiyo, na sidhani kama kulikuwa na mteja hata mmoja aliyekuwa na undugu naye wa damu. Kontena lake lilikuwa kwenye barabara ya kwenda bandarini, na ndani yake aliuza vipuri vya gari la aina moja tu. Ni lile gari la familia la kimo cha kati: si kubwa kama yale ya wakubwa wenye walinzi, si dogo la kupakata magoti. Limeinuka kiasi cha kuvuka mchanga, lina milango mitano, na linabeba baba, mama, watoto na mbuzi wa Idi. Jina lake la kiwandani limeandikwa nyuma kwa herufi za kung'aa, lakini Kismayu hakuna anayelitumia. Majina tunayotumia ni ya Shangazi, na ni majina ya samaki.

Maana kabla ya vipuri aliuza samaki. Aliwapokea kutoka visiwa vya Kudhaa na Koyama, akawapanga juu ya turubai, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuangalia jicho na shavu na kusema huyu wa leo, huyu wa jana, huyu mpe paka. Siku alipobadilisha biashara hakubadilisha macho. Aliliendea gari uso kwa uso, akainama, akalitazama taa zake na shoo yake, ule wavu wa mbele, kama anayetazama samaki, akalipa jina. Na akishalipa jina, limekwisha. Kesho yake mafundi wote wa mtaa wa Majengo wanalitumia.

Wa kwanza kufika alikuwa Changu. Paji la uso lilisimama wima kama ukuta, taa za mraba, madirisha ya kuzungusha kwa mkono, tairi la spea limening'inia mlango wa nyuma. Huko nyuma kulikuwa na viti viwili vya kukunja vilivyotazamana, na watoto waliopanda pale walishuka wakiwa wamegongana magoti. Baada yake alikuja Tewa, ambaye watu wa kusini humwita chewa. Mashavu manene, mdomo mpana, jicho moja kubwa la mviringo kila upande, na ndani, safu ya tatu ya viti inayotazama mbele, wanadamu wote wakielekea wanakokwenda. Miaka michache baadaye kiwanda kikambadilisha Tewa uso: badala ya jicho moja kila upande, mawili ndani ya kioo kimoja. Huyo akaitwa Tewa pacha. Mwili ni ule ule, milango ni ile ile, lakini taa za hawa wawili haziingiliani na bolti zao hazikutani. Naomba msomaji alishike hili, litarudi.

Kisha akaja Kolekole, uso umelala, kiuno kimeingia ndani, spea imehamia chini ya tumbo, upepo baridi unafika hadi kiti cha mwisho. Kisha Nguru, mrefu, macho membamba, kitufe mahali pa ufunguo, na kioo kwenye dashibodi kinachokuonyesha kilicho nyuma yako. Siku Nguru wa kwanza aliposhushwa bandarini Shangazi alimwomba dereva arudi nyuma mara tano, yeye amesimama kule nyuma akijitazama, kupitia dirishani, kwenye kile kioo. Mara ya sita dereva alikataa. Shangazi alisema si kitu, ameshajiona alivyonenepa.

Jambo moja la ajabu kwake lilikuwa hili. Sote tunasema gari hili, gari lile. Yeye alisema huyu. "Huyu mgonjwa." "Huyu amelishwa mafuta mabaya." Na alipokuwa anafungua gari lililopinduka ili kuuza vipande vyake, alisema bismillahi kabla ya bolti ya kwanza. Nilimuuliza kama ni lazima. Akaniambia, kwani wewe humchinja changu bila kusema kitu? Nikamwambia changu hachinjwi, hufa mwenyewe akitolewa majini. Akafikiri, akasema, basi huyu naye ametolewa barabarani.

Alinifundisha kusoma mwaka. Hivi ndivyo ninavyosema kila nikiulizwa elimu yangu: nilisoma darasa tatu na mwaka. Nilikuwa hamali bandarini, na nilikuwa nimenunua kwake bodi ya Tewa bila injini, bila viti, bila vioo, nikiijaza kipande kwa kipande kwa miaka minne. Kila nilipokwenda kutafuta kitu hakuuliza nataka nini. Aliuliza wa mwaka gani. Nilimwambia Tewa ni Tewa. Akanishika mkono hadi kwenye bati lililogongewa namba ya chasi, akaniambia nihesabu herufi na tarakimu kutoka kushoto mpaka ya kumi. Hiyo ya kumi ndiyo mwaka. Kila mwaka una herufi yake, na herufi zikiisha zinakuja tarakimu, moja hadi tisa, kisha A inaanza tena. I, O na Q hazimo, kwa sababu zinafanana na moja na sifuri na zingeleta fujo. Shangazi alisema hizo hazikualikwa. Shee alinicheka kwa miaka kwamba kaka yake anajua alfabeti yenye mapengo.

Nilipokuwa mjinga wa hesabu hiyo niliona nyuso tano tu. Nilipoijua niliona familia nzima. Kumbe hata ndani ya Tewa kuna wa mwaka wa kwanza mwenye mishikio ya milango ya chuma, wa pili mwenye ya plastiki, wa tatu aliyeongezewa mkanda kwenye kiti cha katikati kwa sababu mahali fulani duniani mtu alikumbuka kwamba mtoto wa katikati naye ni mtoto. Nilikuwa nakaa bandarini wakati wa kupumzika, natembea kati ya magari yaliyoshushwa, nahesabu mpaka ya kumi, moyo unanidunda kama anayefunua karata. Sijui kitu kingine nilichojifunza kwa furaha kama ile.

Na mwalimu wangu huyo hakujua kusoma. Hili nililigundua baadaye sana. Esha alimwandikia karatasi ya dawa, akaigeuza chini juu akaitikia kwa kichwa. Herufi alizijua kama miaka, si kama sauti. Ungemwandikia neno zima angekuambia ni magari matano ya miaka tofauti.

Bei alidanganya. Siwezi kumpamba hapa. Alidanganya asubuhi na jioni, kwa Kibajuni na kwa Kisomali, akiapa kwa vitu ambavyo hakuwa navyo. Lakini mwaka hakudanganya. Mteja aliyetaka mlango wa mwaka fulani, kama hakuwa nao, aliambiwa hana, hata kama ule wa mwaka uliofuata ungeingia kwa kulazimishwa kidogo na mteja asijue kamwe. Alisema bei ni mazungumzo ya watu wawili, mwaka ni wa gari mwenyewe.

Farah aliwahi kumletea mnunuzi mwenye Kolekole la kupendeza, jeupe, akitaka Shangazi alikague ili biashara iende upesi. Shangazi alizunguka gari mara moja. Hakufungua boneti. Alifungua mlango wa nyuma, akapitisha kidole kwenye bawaba, akaufunga, akasikiliza unavyofunga. Kisha akamwambia Farah kwamba tewa hata ukimvisha uso wa kolekole ananuka tewa. Mtu mahali fulani alikuwa amechukua bodi ya Tewa akaifunga taa, shoo na bampa za Kolekole, kwa ustadi mkubwa. Farah aliapa kwamba hakujua. Shangazi akamjibu kwamba anamwamini, maana angejua, zile taa za Kolekole angekuja kuzinunua kwake. Farah alikasirika siku mbili. Siku ya tatu alirudi kunywa chai, na tangu hapo hakununua gari bila kumwita, na hakukoma kumtania. Alikuwa akimwambia, Eddo, wewe ungeolewa na mtu ungetazama kwanza bawaba zake. Naye alimjibu kwamba alimtazama mumewe bawaba, ndiyo maana alidumu naye miaka ishirini, na kwamba za Farah zinalia.

Kuna kitu kingine ninachokipenda katika habari zake. Huku mjini watu wanaonunua gari hili kwa kazi hung'oa safu ya tatu ili wapakie mizigo. Viti vile Shangazi alivikusanya, akavipeleka Kudhaa kwa mashua za samaki zinazorudi tupu. Kudhaa hakuna barabara ya gari, hakuna hata gari la punda. Lakini ingia nyumba yoyote utakuta watu wamekaa kwenye kiti cha nyuma, wamejiegemeza, mikanda imening'inia pembeni. Nilikwenda naye mara moja. Alikuwa akipita mlango hadi mlango akisalimia, na kwa kila salamu anataja kiti: huyu anakalia Changu, yule Kolekole, bi harusi wa nyumba ile alipewa Nguru wa ngozi na wenzake wanamhusudu. Mzee mmoja alijifunga mkanda tulipoingia, ili atuchekeshe. Shangazi akamwambia aende polepole, mbele kuna ngamia.

Tukirudi kutoka huko ndipo aliponiambia jambo ambalo hakulirudia tena. Vita vilipoanza, aliondoka kisiwa cha Chovai katika chombo kimoja na watu wake, saba kwa jumla, yeye akiwa wa saba. Sasa dada yake yuko Mombasa, wawili wako kambini, watatu Ulaya, na aliyerudi ni yeye. Kisha akasema, "Kule kiwandani kila mwaka wanaongeza viti. Sisi huku kila mwaka tunapungua watu."

Nikaelewa mara moja habari ya gari lake.

Kando ya kontena lilisimama Tewa wake mwenyewe, wa mwaka wa kwanza, rangi ya kijani iliyofifia. Mwanamke huyu aliyefungua magari mia hakukubali mtu aguse hata skrubu ya Tewa yule. Matajiri walikuja na kuondoka. Fundi mmoja aliyetaka kuazima kifuniko cha tangi kwa nusu saa aliambiwa aazime kwanza kichwa cha Shangazi. Viti vyote saba bado vilikuwa na nailoni ya kiwandani. Kila Ijumaa baada ya sala aliliwasha, akaliacha lingurume kwa muda wa kikombe cha chai, akalizima. Watu walidhani ni wazimu wa mwenye mali. Mimi tangu Kudhaa nilijua kwamba alikuwa anatunza viti saba kwa watu saba.

Sasa turudi kwenye sanduku.

Taa yangu ya kulia ilikuwa imevunjwa na mti wa gari la punda pale Majengo, wiki mbili kabla ya ukaguzi. Nilikwenda kwa Shangazi bila wasiwasi. Akanionyesha rafu: taa za Tewa za kushoto kumi na moja, za kulia hakuna. Kismayu tunaendesha upande wa kulia, na punda nao hukaa pembeni kulia. "Kushoto ninazo tele," alisema. "Kulia zote zimeliwa na punda." Akanipa namba ya muuzaji wa Mombasa, mtu wa bara aliyekwisha jifunza majina yetu ya samaki kwa kufanya biashara naye. Esha aliomba aniandikie ujumbe. Nilimkatalia. Nilimwambia aliyewalea wawili anajua kuagiza taa moja.

Farah ndiye aliyekata kamba ya sanduku. Twaha akafunua karatasi. Ilikuwa taa nzuri, safi, inang'aa hata ukaona uso wako. Na ilikuwa na macho mawili.

Twaha akaipeleka kwenye gari langu hata hivyo, akaijaribu kutoka chini, akaijaribu kutoka pembeni, akairudisha sandukuni taratibu kama anayemlaza mtoto. Esha akaniomba simu. Akausoma ujumbe wangu kwa sauti: "Pacha taa ya kulia ya tewa uileche upesi."

Kwetu, mahali pengi wengine wanaposema t sisi tunasema ch. Mtu ni mchu, kuleta ni kulecha, na kupata ni kupacha. Kwenye simu mimi huandika ninavyosema. Nilimwambia mtu yule apate taa. Yeye alisoma pacha akaelewa pacha, akahangaika Mombasa nzima kunitafutia taa ya Tewa pacha, na kwa haki ya Mungu aliipata upesi.

Farah alielewa kabla yangu. Ni Msomali, lakini Kibajuni anakijua kuliko baadhi yetu. Alitikisa kichwa, akasema, "Umepacha pacha."

Twaha aliangua kicheko, kisha akakikata, kwa sababu Shee hakucheka. Shee alikuwa anaweka sawa kamba za begi lake. Alinitazama bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Basi, kaka," alisema. "Umejaribu."

Ndipo nilipomsikia Shangazi akimwomba Twaha spana ya kumi. Alikuwa ameshasimama. Alikwenda kwa Tewa wake wa kijani, akafungua boneti, akaiegemeza kwenye fimbo yake. Esha alikuwa wa kwanza kuelewa.

"Shangazi, huyo ni wako."

"Wangu hana safari kesho," alisema. "Wa kaka yako anayo."

Twaha alitaka kumsaidia, Shangazi akamsukuma kwa kiwiko. "Samaki wangu nampara mwenyewe." Bolti tatu, soketi moja. Alisema bismillahi kabla ya ile ya kwanza. Jicho la mviringo likatoka zima, kioo chake kizito, bila mkwaruzo hata mmoja, na mahali pake pakabaki tundu jeusi linalotutazama sote. Akachukua kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, akakibana pale ili panya wasiingie.

Nilianza kumwambia kwamba nitamlipa kidogo kidogo. Alinikatiza, na maneno yake ninayo kama yalivyo:

"Sikuuzii. Nimekuazima jicho, utanirudishia jicho. La mwaka wake, la kioo, la upande wake. Usiniletee pesa na usiniletee pacha."

Kesho yake yule mkaguzi alizunguka gari langu akihesabu mikanda. Saba. Akakaa kiti cha nyuma kabisa, akanyoosha miguu, akasema sawa. Taa hakuomba hata ziwashwe. Shee alikuwa amesimama kando yangu, na nilipomgeukia alikuwa anatabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu akiwa mdogo. Jioni ile ile aliendesha zamu yake ya kwanza. Lile begi la tahriib hadi leo liko chini ya kiti cha dereva, limejaa spana na tambara.

Ningalilirudisha jicho lile kazi ikiisha. Hiyo ndiyo nia niliyokuwa nayo, na Shangazi aliijua. Lakini mwaka wa tatu wa kazi, pale pale Majengo, gari la punda likatoka uchochoroni na mti wake ukaingia katikati ya kioo. Usukani nilikuwa nimeushika mimi. Siwezi kumsingizia mdogo wangu. Kama alikuwa punda yule yule wa mwanzo siwezi kuapa, ila alinitazama kama ananijua. Nilikwenda kwa Shangazi na vipande ndani ya leso. Akavitazama, akauliza kama mwalimu yeyote ameumia. Nikasema hapana. Akaniambia basi deni liko pale pale, halijakua wala halijapungua.

Tangu siku hiyo natafuta. Nimetafuta Burgao, ambako Tewa mmoja mzee anafugiwa kuku ndani. Jicho lake la kulia lilikuwa limeshaliwa na punda. Mabaharia wameniulizia Dubai. Nimeletewa ya plastiki ya kuiga, inayofanana kabisa hadi uigonge kwa ukucha. Shangazi aliigonga kwa ukucha. Nimeletewa ya kushoto mara mbili. Kiwandani waliacha kuitengeneza zamani. Ile ya pacha tuliifunga ukutani nyumbani, Twaha akaiunganisha na umeme wa jua, na watoto wa Shee wanasomea chini yake. Esha, ambaye sasa ni mwalimu na hupanda gari letu kila asubuhi kama abiria, anasema ni kosa la tahajia lenye mwanga kuliko yote aliyowahi kuyaona.

Mwezi uliopita Shangazi alinitumia habari kwamba meli imeshusha kitu na nifike upesi. Nilimkuta langoni mwa bandari, amezeeka, fimbo sasa ni ya kumshika yeye wala si ya boneti, lakini alikuwa ananipita kwa mwendo. Lilikuwa limeshushwa gari jipya la mfanyabiashara mmoja: lile lile gari letu la familia, wa tano katika ukoo, na lo, lilikuwa halifanani na yeyote. Pana, chini kidogo, pua imelala, na badala ya macho, mstari mmoja wa mwanga kutoka shavu hadi shavu. Dereva alilisogeza na hatukusikia kitu. Lina injini na betri kubwa pamoja, akatueleza, na likienda polepole injini hulala. Lilitupita kimya kabisa juu ya sakafu ya bandari. Shangazi alishika mkono wangu.

"Hapumui," alisema. "Umemwona? Anatembea na hapumui."

Nilihesabu mpaka herufi ya kumi, nikamwambia mwaka. Aliitikia, akalizunguka, akagusa bawaba, akarudi mbele, akainama kama zamani. Nilingoja jina. Akaniambia yeye wanne wanamtosha, huyu nimwite mimi.

Sijawahi kupewa kitu kikubwa kama kile. Nilisimama mbele ya uso ule mpana uliolala, usio na macho, uliokuja kimya kama kitu kinachoteleza juu ya mchanga wa chini, na jina likaja lenyewe.

"Taa," nikasema, nikimaanisha yule samaki bapa mwenye mkia.

Alinitazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi dereva akazima gari, akacheka hadi akashika bega langu ili asianguke.

"Taa," alisema, akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Miaka yote hii, mwanangu, hatimaye umeniletea taa." Akalipigapiga lile gari kwenye pua. "Hii nimeipokea. Na ile nyingine?"

Tulipokuwa tunarudi aliniambia lililomfanya aniulize. Dada yake wa Mombasa anakuja baada ya Idi, kwa ndege, na wajukuu wawili. Ni wa kwanza kurudi kati ya wale sita wengine. Shangazi atakwenda kumpokea uwanja wa ndege na Tewa wa kijani, Shee ataendesha, nailoni itatolewa kwenye viti asubuhi hiyo. Hakuniambia niharakishe. Alisema tu kwamba asingependa dada yake, baada ya miaka yote, aanze kwa kukiona kile kifuniko cha kopo la maziwa.

Nimetuma ujumbe upya Mombasa, Lamu na Dubai. Safari hii ameuandika Esha, kwa Kiswahili ambacho hata mtu wa bara hawezi kukikosea: taa ya mbele, ya kulia, ya kioo, ya mviringo, jicho moja, Tewa wa mwaka wa kwanza. Idi imebaki wiki tano. Kila mashua ikitia nanga nipo pale gatini, nahesabu masanduku. Jicho bado sijalipacha.